Mama Bado na Jiwe la Mlangoni

Mama Bado Mbana-Mawe, binti wa Mchoma-Matofali, mjukuu wa Mchimba-Visima: hilo ndilo jina lake kamili, na kila kipande chake kilipatikana kwa jasho. Babu yake alichimba visima kumi na tisa kwa sululu na kamba, akatoka katika vyote kwa miguu yake mwenyewe. Mama yake alichoma matofali ya shule mbili, zahanati moja na ukuta wa gereza, na ukuta ule mpaka leo hakuna mfungwa aliyeupenya, ingawa si kwamba hawajajaribu. Naye Mama Bado amebana mawe elfu kumi na moja mia nne na sita, yakapasuka mbele ya macho yake, na vidole vyake vyote kumi anavyo. Anayebisha aje na vidole vyake tuhesabu.

Hilo la "Bado" hakupewa na wazazi, alipewa na mabosi. Mkuu wa maabara alikuwa akipitisha kichwa mlangoni na kuuliza, "Tayari?" Naye, jicho kwenye geji, anajibu, "Bado." Mkuu akirudi baada ya chai, "Tayari?" "Bado." Siku moja wakaja wakubwa wa makao makuu na suti zao, wakauliza yule mama anaitwa nani. Dereva wao akadakia, "Huyo ni Mama Bado." Jina likaganda kama tope kwenye kiatu. Mwenyewe hakukasirika. Alisema jina ulilolifanyia kazi lina uzito kuliko la kuokota kitandani.

Alipoingia maabara mara ya kwanza aliingia na fagio. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, na cheti chenyewe mchwa walikuwa wamekionja pembeni. Miaka mitatu alifagia unga wa mawe chini ya mashine, na masikio yake yakafanya kazi kuliko fagio. Jiwe likibanwa husema. Kwanza hunyamaza. Halafu hutoa mlio mdogo, tik, kama ukucha kwenye sufuria. Tik-tik. Kimya kidogo. Halafu paa! Siku moja fundi wa mashine alikuwa ameinamia geji, yeye akasema nyuma yake, "Fundi, rudi nyuma, linakwenda." Fundi akageuka amcheke, na jiwe likapasuka likamtia vumbi la kisogoni.

"Nani kakufundisha?"

"Limejisemea lenyewe."

Tangu siku hiyo alishika fagio mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Fundi alipostaafu, mashine ikabaki na mwenyewe.

Mashine ile ilikuwa na kimo cha kabati la nguo. Jiwe lilikatwa mche wa duara, unene wa kifundo cha mkono, likavishwa mpira, likazungushiwa mafuta ya kulibana ubavuni, likapashwa joto, kisha chuma kikashuka juu yake pole pole. Geji zilikuwa mbili: moja ilisema nguvu, ya pili ilisema jiwe limefupika kiasi gani. Na yote hayo yalikuwa ya kuliuliza jiwe swali moja tu: kule chini ulikotoka, wewe ni kigae au ni unga uliokandwa?

Maana swali lina sababu yake. Chini sana ya ardhi, kilomita mbili na zaidi, upo mwamba uliobeba gesi kama sifongo ibebavyo maji, ila hii ni sifongo ngumu na matundu yake hayatembeleani. Ukitoboa kisima tu, gesi haitoki. Basi wataalamu husukuma maji kisimani kwa nguvu ya ajabu mpaka mwamba upasuke nyufa, wakapeleka mchanga ndani ya zile nyufa, kisha wakaachia maji. Mchanga hubaki umeshikilia ufa kama kijiti kinavyoshikilia dirisha lisijifunge, na gesi ikapata njia. Mwamba wa kigae ukipigwa na maji hayo hutoa nyufa zenye matawi, na nyufa hukaa wazi. Mwamba wa unga hubonyea. Hata ukipasuliwa kwa lazima hujifumba tena, ukameza mchanga wote, ukakaa kimya kama mwizi wa nyama aliyekwisha kufuta mdomo.

Katika uwanja ule wa gesi visima viwili vilikuwa vimekwisha kupasuliwa, vyote kwenye tabaka la juu. Lilikuwa tabaka nene, lenye gesi tele, kila mtu alilitamani. Kisima cha kwanza kilitoa gesi, ikawaka siku sita ikazimika. Cha pili, siku nne. Wakalaumu mchanga. Wakalaumu pampu. Wakamlaumu mpaka dereva wa lori la maji. Mwisho makao makuu wakaandika barua: cha tatu ndicho cha mwisho. Nacho kikifa, uwanja unafungwa, maabara inafungwa, na mashine zitauzwa kama chuma chakavu. Mama Bado alipoisoma barua ile ubaoni aliishika mashine yake ubavuni, kama mtu anayemshika ng'ombe wake mnadani.

Akaletwa injinia mpya wa kusimamia kisima hicho cha tatu. Wafanyakazi walimpa jina siku ya kwanza tu: Leo-Leo, kwa kuwa kila kitu alikitaka leo. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, alikula na madereva, ila alitembea kama aliyeacha maziwa jikoni. Akapekua majalada, akaita mkutano, akainua juu rundo la karatasi.

"Hizi karatasi mia moja na kumi na mbili ni za nani?"

"Zangu," akasema Mama Bado.

"Mama, nimezunguka maabara nyingi. Sijaona kazi safi namna hii. Kila jiwe la tabaka la juu unasema ni kigae. Basi mwamba hauna kosa, kosa ni pampu zetu zilikuwa chache. Naleta malori kumi na manne ya pampu. Siku tisa kuanzia leo, tunalipasua tabaka la juu kwa nguvu ambayo halijawahi kuiona!"

Watu wakapiga makofi. Mama Bado akarudi nyumbani siku ile akiwa hakanyagi chini. Mumewe, fundi viatu, alimwambia, "Leo umerefuka. Ni visigino au ni sifa?"

Kesho yake Leo-Leo akataka jiwe moja zaidi la tabaka la juu, la kutimiza jalada tu. Mama Bado akachagua mche mnene uliobaki ghalani, akakata kipande katikati ya moyo wake, akakiweka kwenye mashine. Nguvu ilipofika nusu, Mkuu akapiga kelele kutoka nje: watu wote uwanjani, wageni wa makao makuu wanataka picha ya pamoja! Mama Bado hakupenda, lakini mkubwa ni mkubwa. Akaiacha mashine imelishikilia jiwe kwa nguvu ileile, haipandi haishuki, akatoka. Picha ya kwanza, mmoja kafumba macho. Ya pili, Leo-Leo akataka kila mtu avae kofia ngumu. Ya tatu, jua limehama. Dakika arobaini zikaenda hivyo.

Aliporudi, geji ya nguvu ilikuwa palepale. Geji ya urefu haikuwa palepale.

Akasogeza miwani. Akaipangusa kwa ncha ya kitenge. Akaangalia tena. Nguvu haijaongezeka hata chembe, lakini jiwe limefupika mistari mitatu. Na wakati anaangalia, mshale ukasogea tena, kidogo sana, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

"Ala!" akasema peke yake.

Kigae hakifanyi hivyo. Kigae ukikibana nusu ya nguvu yake kinakungoja, mwezi mzima kinakungoja. Hili lilikuwa linanywea! Mama Bado akachukua nusu ya mche iliyobaki mezani, akaigusa kwa ulimi, maana ndivyo watu wa mawe wanavyopima na wala hawaoni haya. Ukingoni ulimi ukang'ang'ania, kama unavyong'ang'ania chungu kikavu. Akagusa katikati. Ulimi ukateleza. Pale kwenye moyo wa jiwe palikuwa baridi, na panyevu.

Kipande alichokikata kilikuwa cha katikati. Vile vingine mia moja na kumi na mbili, kutoka miche myembamba, vilikuwa vikavu mpaka ndani. Vilikaukia wapi? Kwani kule chini kuna jua?

Hakuvua hata aproni. Akaenda ghalani mbio, umri na magoti yake akiviacha vimfuate.

Ghala la mawe lilikuwa la wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye lugha ya wembe na sakafu inayong'aa. Mwingine angeweza kula juu ya sakafu ile, ila Wifi asingemruhusu. Alimkuta amepanga miche ya mawe nje juu ya mabati, juani, safu kwa safu, anaipangusa kwa kitambaa.

"Wifi, unafanya nini?"

"Ninacheza ngoma. Huoni? Naanika."

"Unaanika nini?"

"Mawe, wifi yangu! Kila Ijumaa naanika. Yakikaa ndani yananuka, yanafanya ukungu, lebo hazishiki. Nayatoa, nayapangusa, nayapiga jua mpaka yanang'aa. Wewe ulishawahi kuletewa jiwe chafu na mimi?"

"Tangu lini?"

"Tangu niingie. Miaka mitano. Mkuu alinipa cheti cha usafi, si kile pale ukutani? Nikisema nami nina vyeti mnanicheka."

Mama Bado akakaa juu ya kreti. Akacheka.

"Wifi, umetumaliza."

"Hee! Kwa usafi?"

"Kwa usafi. Udongo ukiuanika unakuwa nini?"

"Si unakuwa tofali? Wewe binti wa matofali unaniuliza mimi?"

"Basi miaka mitano umenifyatulia matofali, nami nayabana, yanapasuka paa, naandika kigae, kigae, kigae. Tabaka la juu lile ni udongo, wifi! Udongo wenye maji yake. Kule chini halijakauka hata siku moja. Nimebana kazi yako ya Ijumaa, sikubana mwamba."

Wifi akaacha kupangusa. Uso ukamshuka kidogo, halafu akaupandisha tena kwa nguvu. "Na wewe uliyabana miaka mitano bila kuuliza yamelala wapi. Usinitwishe peke yangu."

"Sikutwishi peke yako. Sahihi ni yangu." Hapo Mama Bado alikuwa ameliona jambo lote kwa mara moja: visima viwili vilivyokufa, na karatasi zake chini ya kila kimoja. "Niambie, hakuna hata mche mmoja uliousahau? Ambao haujaanikwa?"

"Mimi kazi nusu siijui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, nakuapia."

Mama Bado akainuka aondoke kwa uchungu, na mguu wake ukajigonga kwenye kizuizi kilichoshikilia mlango wa ghala usijifunge. Akaruka kwa mguu mmoja, akishika kidole. Kisha akakitazama kilichomgonga. Kilikuwa gogo fupi, jeusi kwa vumbi, linanata.

"Hiki ni nini?"

"Hicho? Kizuizi cha mlango. Nilikikuta hapa nilipoanza kazi. Kimejaa nta, hakianikiki, ukikiweka juani kinachuruzika. Nikakipa kazi ya mlango."

Mama Bado akapiga magoti. Akakwangua vumbi kwa ukucha. Chini ya vumbi nta, chini ya nta karatasi ya fedha, na juu ya karatasi mwandiko wa fundi wa kwanza wa mashine, ukisomeka kama wa jana: kisima cha kwanza, tabaka la juu, usifungue.

Kelele aliyoipiga ilimtoa mlinzi getini. "Wifi! Wifi! Lipo! Lina nta yake! Miaka mitano linashika mlango!" Wakakumbatiana na jiwe katikati yao, nta ikawapaka wote wawili kifuani, na Wifi akawa anauliza, "Sasa nimekosea au nimepatia?"

Asubuhi iliyofuata walilikata pamoja. Wifi hakualikwa, alikuja mwenyewe, kwa sababu alisema kama atahukumiwa anataka kuwepo. Hawakutumia maji ya bomba kupoza msumeno, walitumia maji ya chumvi yaliyotoka kisimani. Nta ilipovuliwa, jiwe lilikuwa jeusi, lenye jasho, lina harufu ya mafuta ya taa. Likavishwa mpira, likazungushiwa mafuta, likapashwa joto la chini kule. Chuma kikashuka.

Nguvu ikapanda. Mama Bado akainamisha sikio, asisikie tik. Nguvu ikapanda tena. Kimya. Ilipofika pale ambapo yale mengine yote yalipasuka, hili likanyamaza tu, mshale wa nguvu ukaanza kulegea, ukalala usawa, na mshale wa urefu ukawa unakwenda, unakwenda, unakwenda.

"Mbona halilii?" Wifi akanong'ona.

"Halitalia."

Saa moja baadaye walilitoa. Halikuwa na ufa. Lilikuwa limefupika na kuvimba kiunoni kama pipa. Wifi akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akasema, "Limenenepa!" na Mama Bado akapiga meza kwa furaha, maana miaka ishirini na sita alikuwa hajaonyeshwa kitu kipya na jiwe lolote. Halafu furaha ikageuka ikamtazama. Ukweli ni huo, sawa. Nani atakwenda kuusema?

Jioni alimweleza mumewe huku sahani yake ikipoa. Fundi viatu alisikiliza mpaka mwisho, uzi mdomoni.

"Ngozi kavu inakatika, ngozi mbichi inavutika," akasema. "Kwa hilo mlihitaji mashine ya kimo cha kabati?"

"Baba watoto, sitanii. Ni karatasi zangu. Mia moja na kumi na mbili. Nikizikana, wataniita mjinga aliyepandishwa kutoka kwenye fagio."

"Na mimi nikishona kiatu vibaya, nafanyaje?"

"Unafumua."

"Inaniuma kufumua. Lakini mguu wa mteja unauma zaidi. Kula."

Ofisini kwa Mkuu, Leo-Leo alikuwa amesimama mbele ya ramani, simu sikioni, akiwahimiza watu wa malori. Mama Bado alisubiri akate simu. Kisha akaweka rundo lake lote mezani.

"Mkuu, Injinia, nimekuja kuzirudisha. Zichaneni."

Mkuu akadhani ni mzaha wa kustaafu. Leo-Leo akatabasamu. "Mama, hizi ndizo zinazoniletea malori kumi na manne."

"Namba ni sahihi, mwanangu, ila zinadanganya. Mawe yalikuwa yamekaushwa juani. Tabaka la juu ni udongo. Utalipasua, litafumba. Kama lilivyofumba mara mbili."

"Kukauka kidogo kunabadilisha nini? Jiwe ni jiwe."

"Ndiyo?" Mbele ya Leo-Leo ilikuwa bilauri yake ya maji ya kunywa. Mama Bado akaivuta. Akatoa mfukoni kipande kikavu cha tabaka la juu, akakitumbukiza. Halafu kingine, cha tabaka la chini, lile jembamba ambalo kila mtu alilipita kama mtoto wa kambo. "Tazama. Usiangalie saa, tazama."

Kipande cha juu kikaanza kutoa mapovu. Kikatoa ganda moja, la pili, kikamomonyoka, na kabla Mkuu hajamaliza kukohoa kilikuwa tope chini ya bilauri. Cha chini kilikaa vilevile, pembe zake kali, kama kimekuja kuogelea.

"Maji yangu yale," akasema Leo-Leo taratibu.

"Utaletewa mengine."

Aliwaonyesha jiwe lenye umbo la pipa. Leo-Leo akalizungusha mkononi, na haraka yake ikaanza kumtoka, lakini alikuwa bado ana ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa wa maana. "Kubonyea ni jambo moja. Mimi nina mchanga. Mchanga mgumu, punje kwa punje. Hata mwamba ukibonyea, mchanga utashikilia."

"Basi tuuweke huo mchanga wako, tuone. Nipe siku tatu."

"Siku tatu! Mama, zimebaki sita!"

"Kisima kilichokufa kinakaa kimekufa siku ngapi?"

Mkuu akasema, "Mpe."

Mama Bado akakata visahani viwili kutoka kwenye jiwe la mlangoni, akaweka mchanga katikati, kimo cha punje tatu, akavibana kwa mbano na joto la kule chini. Akafanya hivyohivyo kwa visahani vya tabaka la chini, alivyovilowesha kwanza kwenye maji ya kisima asije akapendelea. Siku ya kwanza Leo-Leo alikuja mara tisa. Siku ya pili alivuta kiti akakaa, akiwa na soda yake, akiangalia mshale. "Umesogea!" akapiga kelele. "Mama, umeona? Umesogea!" Wifi, aliyekuwa akipita na ndoo bila sababu yoyote ya msingi, akasema, "Afadhali wewe umeona. Sisi tunaimba wimbo huu tangu juzi."

Siku ya tatu wakafungua. Visahani vya chini: mchanga umesimama, punje juu ya punje, zimeacha vialama vidogo tu kwenye mwamba, na ufa uko wazi. Visahani vya juu vilikuwa vimekaribiana mpaka karibu vibusiane. Walipovibandua, punje zilikuwa zimezama pande zote mbili kama mbegu zilizobonyezwa kwenye unga. Leo-Leo akajaribu kuitoa moja kwa ncha ya kalamu. Haikutoka.

Akasimama akachukua simu. "Malori yaje. Ndiyo, yote. Lakini tunabadilisha kina. Tabaka la chini." Mtu wa upande wa pili alipaza sauti hata Wifi akaisikia. "Najua ni jembamba," akasema Leo-Leo. "Jembamba linalokaa wazi. Nimeliona kwa macho yangu. Nitaandika jina langu." Akamwangalia Mama Bado. "Na la kwake juu ya langu."

Siku ya tisa wakampeleka kisimani, mara yake ya kwanza kuona kule mawe yake yanakotoka. Malori kumi na manne yamepangwa pua kwa pua, mabomba yamelala kama mapaja ya chuma, ardhi inatetemeka mpaka meno. Wakamkalisha kwenye kibanda cha geji, kofia ngumu juu ya kilemba, Wifi kando yake ameshika mkoba kana kwamba wataruka. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja, shinikizo la maji kule chini. Ukapanda. Ukapanda. Leo-Leo akawa anatafuna kalamu. Ukapanda tena, mrefu, mnyoofu, bila kulegea, na Mama Bado akaujua mwendo ule kama anavyojua mwendo wa watoto wake.

"Rudini nyuma," akasema kwa mazoea, "linakwenda."

Mstari ukaanguka ghafla! Mwamba umepasuka! Watu wakapiga ukelele, Leo-Leo akamrukia Mkuu shingoni, na mstari ukaanza kutoa meno madogo madogo, jino baada ya jino, kila jino tawi jipya la ufa. Kwenye visima viwili vya kwanza, Leo-Leo alisema, majalada yalionyesha mstari ulijikunja tu kama mtu mvivu. Wakaingiza mchanga wote. Ukapita wote.

Kisha kungoja. Siku mbili kisima kilitema maji. Siku ya tatu kikakohoa. Saa nne asubuhi, jua kali, bomba la kuchomea gesi ya majaribio likavuma na ulimi wa moto ukasimama angani, rangi ya chungwa, juu kuliko mnara. Wifi alilia hadharani akasema ni moshi. Siku ya sita moto ulikuwapo. Siku ya saba ulikuwapo. Siku ya kumi na nne barua mpya ikabandikwa ubaoni: uwanja haufungwi, maabara haifungwi, na kisima cha nne kinaanza kutobolewa Jumatatu.

Jumatatu yenyewe, kabla gari la kwenda kisimani halijawashwa, Mama Bado aliingia ghalani na sufuria la nta, furushi la karatasi ya fedha na kamba. Akaviweka miguuni kwa Wifi.

"Hivi vya nani?" akauliza Wifi.

"Vyako. Leo wanaanza kutoboa kisima cha nne, na mawe yake yatatoka huko. Unakwenda kuyapokea."

"Mimi? Nikakae kwenye tope la watoboaji na cheti changu cha usafi?"

"Wewe. Hakuna mwenye mikono ya uangalifu kama yako, na mimi siwezi kuwa kwenye mashine na kule. Nta iwe inachemka kabla jiwe halijatoka. Likichomoka tu kwenye bomba, lifunge karatasi, lichovye mara mbili, andika kina chake juu. Jua lisilione."

"Nisilipanguse hata kidogo?"

"Usilipanguse."

"Likiwa na tope?"

"Na tope lake."

Wifi akainamia sufuria, akalipima uzito, akafunga kanga kiunoni. "Na likinuka?"

"Likinuka ndiyo vizuri. Panda, wifi, gari linakusubiri."